Kitenge Katikati ya Darasa la Kiingereza

Urbain, mwalimu wa Kiingereza, alikuwa na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa kusahihisha. Hakuweza kusikia kitenzi cha Kiingereza kimekaa mahali pasipo pake akanyamaza. Redio ya Zambia ikitangaza mpira, yeye hakujua nani amefunga, alikuwa anabishana na mtangazaji. Siku moja mgeni wa kampuni ya migodi, Mfini mmoja aliyekuja kufunga mashine, alimsimamisha barabarani kumwuliza posta iko wapi. Urbain, kabla ya kumwonyesha njia, alimwonyesha kwanza kosa la wakati lililokuwa ndani ya swali lake, kisha akampa na mifano. Mfini yule alifika posta akakuta imefungwa.

Usimcheke sana. Kijana alizaliwa kambi ya wafanyakazi pale Likasi, mji wa migodi karibu na mpaka wa Zambia, mtoto wa watu wa Kasai waliokuja kuchimba shaba, na Kiingereza alikipata kwa taabu, kwa taa ya mafuta na vitabu vilivyokosa jalada. Mtu akipata kitu kwa taabu hukilinda kupita kiasi. Kwake yeye dunia ilikuwa na jana, leo na kesho, na kila kitenzi kilipaswa kujua nyumba yake na kulala humo. Kitenzi cha leo kikionekana kinazurura kwenye sentensi ya jana, Urbain aliwashwa mwili mzima.

Ugonjwa huo ulikaribia kumnyima mke. Alikuwa amemposa Martine, muuguzi wa wodi ya watoto, msichana mpole mwenye kicheko cha chinichini. Martine hakujua Kiingereza, lakini alijua mchumba wake anakipenda, basi akaenda kwa siri kwa rafiki yake aliyewahi kuishi Ndola, upande wa Zambia, akafundishwa sentensi moja. Aliifanyia mazoezi akikunja mashuka, akiosha sindano, akipanda ngazi za hospitali. Jumapili, baada ya misa, walipokuwa wamekaa kwenye benchi wawili tu, akameza mate, akamtazama Urbain machoni, akasema, "I am loving you since January."

Mwanamume mwingine angeanguka kutoka kwenye benchi kwa furaha. Urbain alisema, "Hapana. Have loved. Mapenzi ilianza Januari, na ingali iko. Kwa hiyo: have, halafu loved. Rudilia."

Martine hakurudilia. Alichukua mkoba wake akaenda nyumbani kwa mguu, na kwa wiki nzima Urbain hakumwona wala hakupata salamu. Baadaye Martine alimsamehe, au alisema amemsamehe. Lakini alikuwa amemweleza mama yake, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Mama yake Martine aliitwa Angèle. Serikali ilikuwa imefuta majina ya ubatizo, na kwenye kitambulisho alikuwa na jina lingine la kizalendo, lakini katika soko la Kikula hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina lingine zaidi ya Mama Angèle. Alikuwa mjane, muuza vitenge, mwanamke wa kifua na sauti. Vitenge vyake alivifuata mwenyewe hadi Kitwe, ng'ambo ya mpaka, na alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa parokia. Akisema jambo, lilikuwa limekwisha.

Sasa, jioni, baada ya kazi ya shuleni, Urbain alifundisha Kiingereza watu wazima katika ukumbi wa parokia. Walikuja madereva, wauzaji waliokuwa na biashara upande wa Zambia, mafundi wa kampuni waliochoka kuonyeshana vidole na wageni. Darasa lake lilijulikana kwa zoezi moja tu. Kila mtu alisimama akatoa sentensi, na wengine wakanyoosha mikono kutafuta kosa la wakati. Urbain alipita katikati ya viti akifurahi kama mtu anayewinda panya ndani ya ghala. Na kosa likionekana, alilisahihisha papo hapo, kwa jina la mwenyewe, mbele ya wote. Kuna waliotoka pale na Kiingereza. Kuna waliotoka na hasira.

Jioni moja mlango ulifunguliwa, akaingia Mama Angèle.

Urbain alikuwa ameshika chaki. Ilianguka, na yeye mwenyewe akageuka ukutani haraka sana hata paji la uso likagonga ubao. Darasa likasimama. Kila mtu pale alielewa, hata wale ambao si watu wa Kasai, kwa sababu mila hiyo ni ya wengi huko. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anapinda kwenye majani. Mkwe hamwiti mama mkwe kwa jina, na kumpinga kwa neno moja tu, hata neno dogo la "hapana", ni aibu inayoweza kuvunja posa. Mama mkwe akitaka kumgombeza mkwe, hapo mila haina neno. Na hali hubaki hivyo mpaka mkwe alete yule mbuzi anayeitwa mbuzi ya mgongo, wa kumshukuru mama kwa mgongo uliombeba binti yake. Urbain alikuwa bado hajamleta. Siku ya kumleta ilikuwa ipangwe na mjomba wa Martine, na mjomba alikuwa hajaipanga.

Mama Angèle naye alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa, akawapa mgongo wote wawili, mwalimu na ubao. Akasema na dereva mmoja aliyekuwa karibu, mtu wa mzaha aitwaye Joachim.

"Joachim, ubaambie bale bote beko hapa. Bamama ba Kitwe banakuya ku fête, sikukuu ya parokia. Minye njo présidente, minye njo nitabapokea. Nataka kubapokea na Kingereza. Nimekuya kujifunza sawa bantu bote."

"Mwalimu, umesikia?" Joachim aliuliza, akifurahi hadi masikioni.

"Nimesikia," ubao ukajibu.

Nini kifanyike? Kumfukuza haiwezekani. Kumtazama haiwezekani. Mwishowe Mama Angèle mwenyewe alifungua furushi lake la sokoni, akatoa kitenge kipya chenye picha za ndege aina ya kanga na mayai yao, vijana wakapanda juu ya viti, wakakitundika kwenye waya katikati ya ukumbi. Mama alikaa nyuma yake na kiti chake. Urbain akageuka, akafuta chaki kwenye paji la uso, akaanza somo akiongea na kanga wa kitambaa.

Jioni ile alimruka. Jioni iliyofuata alijaribu kumruka tena, lakini Joachim, ambaye hakuwa na dogo, alisema kwa sauti, "Mwalimu, Mama bado kupata tour yake ya kusema." Na kutoka nyuma ya kitenge ikatoka sauti nene, bila haraka:

"Yesterday I go to Kitwe."

Jana, kisha kitenzi cha leo. Kosa lilikuwa pale, nene, limekaa katikati ya njia, hata fundi aliyejiunga juzi aliliona. Urbain aliwashwa kuanzia kisigino. Midomo ilijifungua yenyewe. Akaifunga. Akisema "hapana", amempinga mama mkwe. Akisema "vizuri", darasa lote litaandika uongo, na yeye hakuwahi kusema uongo juu ya kitenzi maisha yake yote.

"Mwalimu," Joachim akauliza kwa upole wa kinafiki, "ile ya Mama iko bien, iko muzuri?"

Jasho likamtoka Urbain ndani ya abakosti yake, koti la kizalendo lililofungwa hadi shingoni. Na sijui ni nani alimtia wazo lile, pengine ni hofu tu, maana hofu nayo ina akili yake. Alikohoa akasema, "Bantu yangu, kabla ya Mama, minye mwenyewe niliwapatia mufano. Nilisema: Yesterday I go to Kitwe. Mama amerudilia paka ile tu nilisema. Sasa mutafute: minye nilikosa wapi?"

Hakuna aliyemkumbuka akisema hivyo, kwa sababu hakusema. Watu walitazamana. Kisha nyuma ya kitenge kiti kikalia, kriii, na sauti ikalipuka.

"Joachim, umuulize huyu mwalimu, bantu banamulipa juu ya nini? Jana, halafu 'go'? Aende wapi jana na 'go'? Went! I went to Kitwe!"

"Aksanti, Mama," Urbain alisema, akainama mbele ya kanga. "Kosa ni yangu."

Darasa lilicheka hadi paroko akachungulia. Lakini Urbain alikuwa ameokoka, na aliyeokoka hachagui mlango. Tangu jioni ile alifundisha namna hiyo. Mama Angèle alikosea, Urbain alilibeba kosa akalifanya lake, Mama akalisahihisha kwa kelele, Urbain akashukuru. Na kwa kuwa hakuweza kuwa mpole upande mmoja wa kitenge na mkali upande wa pili, akaanza kuyabeba na makosa ya wengine. Fundi akikosea, Urbain alisema, "Pengine nilifundisha vibaya, tuangalie." Wale waliokuwa hawathubutu kufungua mdomo wakaanza kusema. Darasa likajaa. Wauza samaki wa Kikula walikuja kusimama madirishani, si kwa ajili ya Kiingereza, walikuja kumsikiliza mwalimu akigombezwa na mama mkwe wake kwa lugha ya kigeni.

Jambo ambalo Urbain hakulifikiria ni kwamba madirisha yana midomo. Sokoni walisema mwalimu wa parokia anafundishwa na muuza vitenge. Kambini walisema hajui hata kwenda jana. Habari ilipofika Kambove, mji wa jirani, ilikuwa imetiwa chumvi hadi mwalimu alikuwa hajui kusoma. Na ilipomfikia Étienne, mjomba wa Martine, hakucheka.

Étienne alikuwa mdogo wake Mama Angèle, karani wa kampuni, mtu wa kalamu mbili mfukoni. Ujana wake aliuishi Ndola, na hakukuwa na mlo ambao hakuitaja Ndola. Ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya posa. Alimwita Martine akamwambia, "Tulisema tunakupatia muntu mwenye akili. Tunasikia hajue kazi yake. Ijumaa nitaenda kumusikiliza mi mwenyewe. Nikisikia kosa moja, moja tu, mambo imeisha. Tunamurudishia vintu vyake."

Martine alimkimbilia Urbain shuleni akilia.

"Urbain, minye najua unafanya juu ya Mama. Lakini Ijumaa usikose. Naomba. Ijumaa useme paka ya muzuri tu."

"Na Mama akikosa?"

Martine alifuta macho. Urbain akimsahihisha mama mkwe mbele ya mjomba, amevunja mila na posa imekufa. Akilibeba kosa, mjomba atalisikia na posa imekufa pia. Urbain hakulala vizuri siku hizo. Alimpenda Martine kweli, alimpenda kuliko vitenzi vyote, ila alikuwa hajapata kumwambia kwa namna ya kueleweka. Aliomba Mama Angèle apate mafua.

Mama Angèle hakupata mafua. Ijumaa alikuja mapema akakaa nyuma ya kitenge. Martine alimsindikiza, akabaki mlangoni, mikono imebana mkoba. Étienne alikaa kiti cha mbele kabisa, miguu imepishana, kalamu zake mbili zikiwaka. Ukumbi ulijaa, madirisha yalijaa, Joachim alikuwa ameketi juu ya meza kwa kukosa mahali.

Urbain alifundisha vizuri kuliko siku zote. Alitoa mifano safi, hakuteleza hata mara moja. Étienne alianza kutikisa kichwa kukubali. Muda ulikuwa karibu kuisha, na Urbain alikuwa ameanza kufuta ubao, moyo ukishuka mahali pake, sauti ilipotoka nyuma ya kitenge.

"Joachim, uombe mwalimu ruhusa. Nataka kusema discours yangu, hotuba ya kupokea bamama."

Ruhusa ya nini? Nani angemnyima? Mama Angèle alisafisha koo, akasema polepole, kila neno kama anaweka kitenge juu ya kitenge:

"My sisters. Last year you come to us and we eat together. Tomorrow we danced."

Étienne akaweka miguu chini yote miwili. Mwaka jana mnakuja, tunakula, kesho tulicheza! Hata Ndola yenyewe ingelia. Alimgeukia Urbain.

"Mwalimu. Ile discours iko bien?"

Urbain alimwona Martine mlangoni akitikisa kichwa, macho yakimsihi. Njia ilikuwa wazi. Maneno matatu tu, "Mama amekosa, mujomba", na yeye angebaki mwalimu mwenye akili. Alitazama kanga wa kitambaa. Nyuma yao kulikuwa na mwanamke mtu mzima aliyesimama mbele ya watu, amesema kwa lugha isiyo yake, na sasa anangoja. Urbain aliwakumbuka wote aliowahi kuwasimamisha hivyo kwa majina yao. Alikumbuka benchi la Jumapili. Aliona haya kwa kweli, si haya ya mila.

"Mujomba," alisema, "discours iko na makosa, na makosa ni yangu. Minye njo nilimufundisha Mama hivi. Yeye amesema sawasawa na vile nilimufundisha."

Étienne alisimama. "Basi weye haujue Kingereza."

"Sawa, mujomba."

"Unasema sawa?"

"Nimesema kosa ni yangu."

"Bantu bote basikie!" Étienne alipaza sauti hadi madirishani. "Hatuwezi kupatia mutoto yetu muntu wa namna hii. Martine, twende nyumbani. Imeisha!"

"Muloko," sauti ikasema nyuma ya kitenge. "Ikala."

Étienne, karani wa kalamu mbili, aliketi. Alikuwa mdogo mtu, na mdogo mtu akiambiwa na dada yake aketi, huketi.

Kisha sauti ile ile, bila kukwama, bila haraka, ikasema: "My sisters. Last year you came to us and we ate together. Tomorrow we will dance." Na ikaendelea. Ikawauliza akina mama wa Kitwe walisafiri namna gani, ikawaeleza walivyongojewa, ikawaahidi kuku na ugali, na kila kitenzi kililala nyumbani kwake. Joachim alishuka juu ya meza bila kujua anashuka. Urbain alisikiliza mdomo wazi, maana hakukuwa na cha kusahihisha.

"Yaya," Étienne akamwambia dada yake, "hii Kingereza ulitosha wapi, uliipata wapi?"

"Nanunua bikwembe, bitenge hivi, ku Kitwe kutoka mbele weye haujaoa. Unaniona nilikuwa nanunua na vidole?" Kiti kililia, kriii. "Sasa musikilize. Muloko, haya utamwambia mukwe, minye siongee naye. Bwana yangu Cyrille, Mungu amulaze pema, alikuwa kapita, musimamizi ku kazi, alijua Kifaransa. Minye nilikuwa natafuta kusema naye Kifaransa, juu nilimupenda. Kila mara nilifungua kinywa, alinisahihisha. Mbele ya bageni. Mbele ya batoto. Alikuwa muntu muzuri, hakunipiga hata siku moja. Lakini nilinyamaza. Tuliishi nyumba moja mpaka alikufa, na mingi ile nilitaka kumwambia, sikumwambia."

Akina mama wa madirishani walikuwa wametazama chini.

"Halafu mutoto yangu anafika nyumbani analia. Anasema alimwambia bwana yake neno ya mapendo, akapatiwa grammaire ya Kingereza. Nikasema, aha. Huyu namujua. Nikasema, nitaenda nione mi mwenyewe anafanya namna gani na muntu mwenye kukosa. Juu Martine atakosa. Atachoma mboga ya sombe, atasahau, atasema mubaya siku atakuwa amechoka. Hii njo ndoa. Basi nilikuya hapa na nikakosa. Nilikosa mpaka nilichoka kukosa! Na leo nilimukosea mbele yako, Étienne, ya makusudi, siku ile alikuwa na kupoteza yote. Akabeba." Sauti ilikatika kidogo, ikarudi. "Umwambie mukwe, ile mbuzi ya mugongo inaweza kuya. Iwe nono."

Étienne aligeuka kumwambia Urbain, ingawa Urbain alikuwa hatua mbili kutoka kwake na alikuwa amesikia kila neno na alikuwa analia waziwazi. "Mukwe," Étienne alisema, kwa aibu ya karani, "wanasema iwe nono."

"Itakuwa nono," Urbain akajibu.

"Na bado kintu moja," sauti ikasema. "Martine, mama, ingia. Ile neno yako ilibakiaka ku benchi."

Martine alitoka mlangoni. Watu wakampisha. Alisimama mbele ya ubao, mkoba kifuani, akamtazama Urbain kama Jumapili ile, na kwa sauti iliyosikika hadi dirishani akasema neno lile lile, bila kubadilisha hata herufi:

"I am loving you since January."

Urbain aliwashwa. Nisikudanganye, aliwashwa kuanzia kisigino hadi utosini. Ugonjwa hauponi kwa siku moja. Have na loved walikuja wenyewe wakasimama nyuma ya meno yake, tayari kutoka. Akawameza. Akamshika Martine mkono mbele ya mjomba, mbele ya Kikula nzima, akasema polepole ili kila mtu asikie:

"I am loving you since January too."

Hapo darasa lake, darasa alilolifundisha mwenyewe kwa bidii, likafanya alilolifundisha. Mikono ikainuka. Fundi aliinua, wauza samaki waliinua kutoka madirishani, Joachim aliinua yote miwili akipiga vidole, na hata mjomba Étienne alikuwa na mkono juu, amejisahau.

"Bantu bote," Mama Angèle akasema nyuma ya kitenge, "mikono chini."